Jicho la Mtoto na Simu ya Mkononi

Wazee wetu walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hii ina ukweli wake, tena ina mahali pengi pa kutumiwa. Lakini leo, msomaji wangu, nataka kukuonyesha mahali pamoja ambapo mwenye macho yapasa aambiwe tazama, tena aambiwe mapema, maana asipoambiwa aweza kutazama kila siku asione kitu. Mahali hapo ni ndani ya mboni ya jicho la mtoto mdogo.

Mtu mzima akipungukiwa na nuru ya macho hutambua upesi. Jana alisoma gazeti, leo herufi zimekuwa ukungu. Jana alitunga uzi katika tundu la sindano, leo hawezi. Yeye anayo jana ya kuipimia leo. Mtoto mchanga hana jana. Kama jicho lake moja halioni tangu miezi ya mwanzo ya maisha yake, yeye hudhani kuwa dunia ndivyo ilivyo, na watu wote ndivyo waionavyo. Tena jicho la pili humsaidia kuificha kasoro yake. Atatambaa, atashika kijiko, atamfuata kuku uani, atacheka amwonapo mama yake, na watu wa nyumba watasema mtoto yu mzima. Hatalalamika, kwa kuwa hapana mtu awezaye kulalamikia kitu asichojua kwamba amekikosa. Kwa hiyo macho ya mtoto yakitaka kuokoka hutegemea macho ya watu wengine. Neno hili ndilo kiini cha maandishi yangu, na mengine yote nitakayosema yatakuwa matawi yake.

Magonjwa ya macho yawezayo kumpata mtoto ni mengi. Yako makengeza, uko upungufu wa kuona mbali, ambao huondolewa kwa miwani, uko na mtoto wa jicho, ambao watu wengi hudhani ni ugonjwa wa wazee peke yao, lakini wako watoto wanaozaliwa nao. Katika jamii hiyo ya magonjwa mmoja ni adui mkali kuliko wote, nao ni saratani ya retina, ambayo matabibu huiita retinoblastoma. Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma ndani ya jicho. Utando huo hupokea mwanga kama nguo nyeupe ipokeavyo picha za sinema, kisha hupeleka habari zake katika ubongo. Saratani hii huanzia hapo, na karibu wote wapatwao nayo huwa hawajatimiza umri wa miaka 5. Si ugonjwa wa kila nyumba: hupata mtoto mmoja katika kila watoto kama 16,000 hadi 18,000 wazaliwao. Lakini mama wa mtoto yule mmoja hapati faraja katika hesabu ya waliosalimika.

Ugonjwa wenyewe si mpya. James Wardrop, mpasuaji wa Scotland, aliueleza katika mwaka 1809 kuwa ni ugonjwa wa pekee usiofanana na mingine ya macho, akashauri kwamba jicho lenye uvimbe litolewe kabla ubaya wake haujaenea. Zamani hizo hapakuwa na chombo cha kumwezesha tabibu kuona ndani ya jicho la mtu aliye hai. Chombo hicho kililetwa na Hermann von Helmholtz wa Ujerumani, ambaye alichapisha habari zake katika mwaka 1851. Kwa kioo kidogo alielekeza mwanga ndani ya mboni akaweza kuuona ukuta wa nyuma wa jicho. Baadaye, katika mwaka 1971, Alfred Knudson wa Marekani alieleza asili ya ugonjwa huu. Leo twajua kwamba katika chembe za mwili wetu imo jeni moja, yenye nakala mbili, ambayo kazi yake ni kuzuia chembe zisizaane ovyo. Nakala zote mbili zikiharibika katika chembe ya retina, chembe hiyo hukosa lijamu, ikazaana na kuzaana mpaka ikawa uvimbe. Watoto kama 40 katika kila wagonjwa 100 huwa na kasoro ya nakala moja katika mwili mzima. Hao aghalabu huugua macho yote mawili, na ndugu zao yapasa wachunguzwe pia.

Nimeyataja haya, msomaji, ili ujue kwamba ugonjwa huu hauletwi na kijicho cha hasidi, wala laana ya jirani, wala kosa alilofanya mama alipokuwa mjamzito. Maneno ya namna hiyo yamewazungusha wazazi wengi kwa waganga wa ramli, na huku wanazunguka uvimbe unakua.

Sasa tuitazame dalili yake, kwa kuwa rehema ya ugonjwa huu ni moja, nayo ni kwamba huonyesha uso wake mapema. Mboni ya jicho huonekana nyeusi, lakini kwa hakika si kitu cheusi. Mboni ni dirisha. Ukisimama nje mchana ukatazama nyumba ya mbali, madirisha yake huonekana meusi hata kama kuta za ndani zimepakwa chokaa, kwa sababu mwanga ulioingia ndani haurudi kwako. Lakini mtu akiangaza tochi kali moja kwa moja dirishani, na wewe ukasimama karibu naye, utaona rangi ya ukuta. Jicho ni vivyo hivyo. Taa ya kamera imulikapo mbele ya uso, mwanga hupita katika mboni, hugonga ukuta wa nyuma uliojaa mishipa ya damu, kisha hurudi na wekundu. Ndiyo maana katika picha nyingi zilizopigwa usiku macho ya watu huonekana mekundu, jambo ambalo vijana hulichekea. Wekundu ule si ubaya. Ni salamu ya jicho lililo wazi kutoka mbele hata nyuma. Bali pakiwa na uvimbe mweupe juu ya retina, mwanga hurudi mweupe, au wa manjano, kama jicho la paka gizani. Na mtoto wa jicho naye huweza kuifanya mboni iwe nyeupe, kwa kuwa huziba dirisha lenyewe.

Katika mtaa ninaokaa yuko mama mmoja auzaye mboga sokoni. Nilipohamia pale, mwanawe wa kwanza alikuwa amekwisha kutolewa jicho moja, na sasa mtoto huyo ni mwanafunzi wa shule yetu. Ana jicho la bandia ambalo mgeni halitambui upesi. Siku moja nilipokwenda kumwona mama yake kwa habari za masomo, alinionyesha picha iliyotiwa katika fremu. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi siku alipopigwa picha ile. Mjomba wake ndiye aliyempiga kwa simu jioni moja, akaipeleka mjini ikachapishwa, wakaitundika sebuleni. Mtoto anacheka, meno mawili yanaonekana, na jicho moja ni la kawaida. Jicho la pili lina duara jeupe katikati, safi kama punje ya lulu.

Mama yule aliniambia kwamba wageni waliifurahia sana picha ile. Wako waliosema kuwa mtoto ana nyota katika jicho, na kwamba ni dalili ya bahati. Baadaye jicho likaanza kwenda upande, wakaambiwa ni makengeza yatakayokwisha. Likawa jekundu, wakapewa dawa ya matone katika zahanati moja, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu. Walipofika hatimaye kwa daktari wa macho, hapakuwa na la kuokoa isipokuwa uhai wa mtoto, nao uliokolewa kwa upasuaji na kwa miezi mingi ya dawa kali. Kisha mama akanitazama akaniuliza: “Mwalimu, picha hii ilikaa ukutani miaka miwili. Watu wangapi waliingia humu ndani? Mbona hapana hata mmoja aliyeniambia?”

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, na swali lake limekaa nami tangu hapo. Watu wale hawakuwa wabaya, wala hawakuwa vipofu. Walikuwa na macho, na picha ilikuwa mbele yao, lakini hapana aliyewafundisha kwamba weupe ule ni neno lenye maana. Mtu asiyejua kusoma aweza kuishika barua ya hatari mkononi mwake mchana kutwa na asishtuke. Wageni wa mama yule walikuwa wameshika barua ya namna hiyo.

Jambo kama hili lilitokea mbali sana na kwetu, likazaa chombo ambacho nataka ukijue. Bryan Shaw ni mtaalamu wa kemia ambaye baadaye alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Baylor, mjini Waco, Texas, Marekani. Mwanawe alizaliwa katika mwaka 2008. Mkewe ndiye aliyeona kwanza weupe katika picha za mtoto zilizopigwa nyumbani, akaingiwa na mashaka. Mtoto alipokuwa na umri wa miezi 4 madaktari walikuta uvimbe katika macho yake yote mawili. Jicho la kulia lilitolewa. La kushoto likaokolewa kwa matibabu. Baba alipotulia alirudi nyuma akazichambua picha zote za mwanawe, moja moja, maelfu kwa maelfu, akagundua kwamba weupe ulikwisha kujitokeza katika picha mtoto alipokuwa na umri wa siku 12 tu. Aligundua pia kwamba weupe ulizidi kuonekana uvimbe ulipozidi, na ulipungua matibabu yalipofanya kazi. Habari za uchunguzi huo zilichapishwa katika mwaka 2013.

Yeye pamoja na Greg Hamerly, mtaalamu wa kompyuta wa chuo kile kile, na wenzao, wakatunga programu ya simu iitwayo CRADLE, iliyoanza kutolewa bure kwa watu katika mwaka 2014. Programu hiyo huzipitia picha zilizomo katika simu, hutafuta nyuso, hutafuta macho, kisha huchungua kila mboni kama ina weupe usio wa kawaida. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa usiku azungukaye nyumba wenyewe wakiwa wamelala: hasinzii, hachoki, wala hapendezwi na tabasamu ya mtoto hata asahau kutazama jicho.

Katika mwaka 2019 ilitangazwa jinsi programu hiyo ilivyojaribiwa. Zilichukuliwa picha zaidi ya 50,000 za watoto 40, ambao 20 katika wao walikuwa wamegunduliwa kuwa na magonjwa ya macho na 20 walikuwa wazima. Ilionekana kwamba kwa watoto 16 katika wale 20 wagonjwa, programu iliona weupe katika picha zilizopigwa kabla ya daktari kutambua ugonjwa. Na wastani wa kutangulia huko ulikuwa mwaka mmoja na zaidi ya robo. Fikiri sana juu ya muda huo. Kwa mtu mzima mwaka mmoja na robo ni kitu kidogo; kwa uvimbe ndani ya jicho dogo ni umri mzima. Uvimbe uonekanao mapema huweza kuchomwa kwa mwanga mkali, au kugandishwa kwa baridi, au kupunguzwa kwa dawa, na jicho likabaki mahali pake. Uvimbe uliokua hudai jicho lote. Uvimbe ulioachwa zaidi hufuata mshipa unaounga jicho na ubongo, na hapo hudai uhai. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuna kuta ambazo zikianguka hapana fundi wa kuzijenga.

Hata hivyo sipendi, msomaji, ukusanye sifa zote uzimwagie simu. Nimesema 16 katika 20. Basi wako 4 ambao programu haikuwatambua. Simu ikinyamaza, kunyamaza kwake si hati ya uzima. Kwa upande mwingine, weupe katika picha moja si lazima uwe ugonjwa. Ndani ya jicho lililo zima iko sehemu nyeupe ambapo mshipa wa kuona huingilia, na mtoto akigeuza jicho kwa pembe fulani mwanga huweza kuigonga sehemu hiyo ukarudi mweupe. Tena simu nyingi zimetengenezwa kuondoa wekundu wa macho katika picha, ili watu wapendeze, na kwa kufanya hivyo huweza kuficha dalili. Simu haina cheti cha udaktari. Ni kidole kinyoshwacho kuelekea mlangoni mwa daktari, ambaye hutia matone ya kupanua mboni na kuchungua jicho lote, na kwa mtoto mdogo mara nyingi humlaza kwa dawa ya usingizi ili aone vizuri. Kidole hicho ni cha thamani, lakini mtu lazima ainuke aende.

Neno hili la kuinuka na kwenda halihitaji mfano wa Marekani, maana mfano ulio bora umo katika nchi yetu, na umo katika shule zetu. Mimi ni mwalimu, na huenda ndiyo sababu habari hii inanigusa. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kumweka mwanafunzi mfupi mbele na mrefu nyuma. Ushauri huo ni mzuri, lakini kimo cha mtu huonekana kwa macho. Kimo cha kuona kwake hakionekani. Mtoto anayenakili kwa jirani aweza kuwa mvivu, na aweza kuwa mtu ambaye ubao mweusi kwake ni ukuta tu. Kwa miaka mingi macho ya wanafunzi yamepimwa kwa karatasi yenye safu za herufi, zinazopungua ukubwa toka juu hata chini, ambayo asili yake ni kazi ya Herman Snellen, daktari wa Uholanzi, katika mwaka 1862.

Andrew Bastawrous, daktari wa macho kutoka Uingereza aliyefanya utafiti katika wilaya ya Nakuru, pamoja na wenzake walitunga programu za simu zinazoitwa Peek. Simu huonyesha herufi E iliyogeuzwa huku na huku, kubwa kisha ndogo, na mtoto huonyesha kwa mkono upande ambao vidole vya herufi vinaelekea. Hahitaji kujua kusoma, na anayempima hahitaji kuwa daktari. Katika kaunti ya Trans Nzoia jambo hili lilijaribiwa kwa uangalifu katika shule 50, zenye wanafunzi zaidi ya 20,000, chini ya uongozi wa Daktari Hillary Rono wa Kitale, na matokeo yakachapishwa katika mwaka 2018. Waliopima macho walikuwa walimu. Shule 25 zilitumia simu, na shule 25 zilitumia njia ya zamani ya karatasi.

Katika shule za simu, watoto 5 katika kila 100 walionekana kuwa na macho ya kupelekwa hospitali. Katika shule za karatasi, 4 katika kila 100. Tofauti hiyo si kubwa. Lakini tazama kilichofuata. Katika shule za karatasi, watoto walioandikiwa barua ya kwenda hospitali walikwenda 22 tu katika kila 100. Katika shule za simu walikwenda 54. Sababu yake nini? Wazazi wa shule za simu walipelekewa picha inayoonyesha jinsi mtoto wao aionavyo dunia, yenye ukungu kama ulivyo ukungu wake, karibu na picha ya jinsi mtu mzima wa macho aionavyo. Kisha simu zao zikapokea ujumbe wa kuwakumbusha. Kwa mara ya kwanza mzazi aliweza kutazama kwa macho ya mwanawe, na aliyetazama hivyo ilikuwa vigumu kwake kuiweka barua juu ya kabati.

Mfano huo wanifundisha kwamba ajabu kubwa ya simu haikuwa katika kupima. Karatasi nayo ilipima. Ajabu ilikuwa katika kuwaunganisha watu: mwalimu na mzazi, mzazi na daktari. Na hata hivyo, katika kila watoto 100 walioitwa, 46 hawakufika. Simu haiwezi kulipa nauli ya matatu, wala kumwachia mama siku moja ya soko, wala kuondoa hofu ya baba asikiaye kwamba hospitali huenda wakamtoa mwanawe jicho. Hofu hiyo ya mwisho si ya kudharau. Wako wazazi ambao wamemchukua mtoto wakarudi naye nyumbani kwa kuikimbia, wasijue kwamba jicho lililoachwa huweza kuondoka na mtoto mzima.

Gharama ya kuchelewa yaonekana wazi katika hesabu ya dunia. Uchunguzi mmoja uliotangazwa katika mwaka 2020 ulikusanya habari za watoto zaidi ya 4,000 wa nchi 153, ambao waligunduliwa kuwa na retinoblastoma katika mwaka 2017. Katika nchi tajiri, umri wa kati wa mtoto siku ya kugunduliwa ulikuwa miezi 14. Katika nchi maskini ulikuwa miezi 30. Katika nchi tajiri, watoto ambao saratani ilikwisha kutoka nje ya jicho hawakufika 2 katika 100. Katika nchi maskini walikuwa karibu nusu. Ugonjwa ni ule ule, jicho ni lile lile, na mapenzi ya mama kwa mtoto ni yale yale. Kinachowatenga watoto hawa na wale ni miezi 16. Hapa Kenya madaktari wa kutibu ugonjwa huu wako, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na katika hospitali ya macho ya Kikuyu. Hatupungukiwi na mahali pa kwenda. Tunapungukiwa na miezi.

Nani basi atairudisha miezi hiyo? Hapa nakugeukia wewe, kijana usomaye maneno haya. Katika nyumba nyingi wewe ndiwe ujuaye simu kuliko baba na mama. Wewe ndiwe umpigaye picha mdogo wako, na mtoto wa shangazi, na mtoto wa jirani siku ya sikukuu. Kabla ya picha kumfikia mtu mwingine yeyote, wewe ndiwe wa kwanza kuitazama. Kwa hiyo jifunze kuisoma. Mpige mtoto picha katika chumba chenye mwanga hafifu, huku taa ya kamera ikiwaka, na mtoto akitazama mbele. Usitosheke na picha moja, piga kadhaa. Linganisha macho mawili. Kama mboni moja yarudisha weupe au manjano, tena na tena, au kama mboni moja ina wekundu na mwenzake hana, au kama jicho limeanza kwenda upande, usikae kimya. Usiseme kwamba ni nyota.

Lakini pia angalia namna ya kusema. Usikimbilie kuisambaza picha ya mtoto wa watu kwa marafiki, wala usipige kelele mbele ya mama yake kwamba mtoto ana saratani, maana hilo hulijui, na simu yako hailijui. Mwendee kwa adabu, faraghani, umwambie: “Shikamoo, Mama. Katika picha hizi jicho la mtoto linarudisha mwanga mweupe. Huenda si kitu, lakini tulifundishwa kwamba daktari wa macho yafaa alitazame upesi.” Mpe picha aende nayo, kwa kuwa mbele ya daktari picha ni shahidi. Akisitasita, mkumbushe baada ya siku mbili, kama vile wazazi wa Trans Nzoia walivyokumbushwa. Ikiwa hukuwa na haki ya kumshauri mtu mzima jana, leo elimu imekupa haki hiyo, mradi uitumie kwa heshima.

Na ukikuta katika darasa lako mwenzako mwenye jicho moja, usimwite chongo. Huyo amepita katika vita ambavyo wewe hukupita, akatoka na uhai wake. Mwachie kiti ambacho jicho lake zima litaelekea ubaoni; huo ni msaada ulio bora kuliko huruma. Yule mwana wa muuza mboga hukaa upande wa dirisha, safu ya pili, na hesabu zake ni nzuri. Mdogo wake wa kike alichunguzwa na daktari tangu alipokuwa na majuma machache, na akachunguzwa tena na tena, kwa kuwa mama yake sasa anajua kusoma.

Nimeandika mengi juu ya simu, lakini simu ni chombo, na kila zama zina chombo chake. Wardrop alikuwa na kisu, Helmholtz alikuwa na kioo, Snellen alikuwa na karatasi, na wewe una simu mfukoni ambayo usiku hukupotezea saa nyingi kwa mambo ya mzaha. Chombo hakimtafuti mtoto aliye hatarini. Mtu ndiye amtafutaye. Ukimaliza kusoma kitabu hiki, fungua picha za watoto wa nyumbani kwenu, uzitazame upya, jicho baada ya jicho. Huenda usikute kitu, na hiyo itakuwa habari njema. Lakini kama weupe umo, basi usiuache ungoje mtu mwingine wa kuusoma.